Madamu wa Bayolojia na Swali la Mshenga

Wewe unayenisikiliza, kaa vizuri. Nitakwenda polepole, na nikifika mahali pagumu nitasimama nikungoje. Mtindo huu si wangu. Nimeurithi kwa mwanamke mmoja, na habari zake ndizo ninazotaka kukupa leo. Sisi wanafunzi wake tulimwita Madamu. Majirani wa kwao Kaisho walimwita Mwalimu, na watoto wa kaka yake walimwita Shangazi. Jina alilobatizwa nalo halitakusaidia kumjua, kwa hiyo nitaliacha.

Alitufundisha Bayolojia katika sekondari moja ya Karagwe, mwishoni mwa miaka ya sabini. Somo lilikuwa kwa Kiingereza kwa sababu mtihani ulikuwa kwa Kiingereza. Alilisema lote hivyo, akalichora ubaoni, kisha akaenda kufunga mlango, akaketi juu ya meza na kulianza upya kwa Kiswahili.

"Ile ya kwanza ilikuwa ya mtihani," alisema. "Hii ni ya kichwa chako."

Neno likikataa kwa Kiswahili, aliliazima kwenye Kinyambo, na sisi tuliotoka Mabira na Kaisho tukajiona wenye nyumba.

Siku ya somo la urithi alikuja na chipukizi la mgomba lenye udongo bado, akaliweka mezani, juu ya rejista ya darasa. Akasema kila mmoja wetu ni mchanganyiko, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama, lakini mgomba haujui habari hizo. Chipukizi unalong'oa na kupanda leo ni yule yule bibi yake wa zamani, amesogea tu.

Mtani mmoja wa viti vya nyuma akanyoosha mkono. "Kwa hiyo Madamu, mgomba hauna baba?"

"Hauna. Wala hauna mashemeji wa kuja kukaa kwako msimu mzima wa kahawa."

Tulicheka mpaka darasa la jirani likagonga ukuta. Yeye hakucheka. Alikuwa mtu wa kuchekesha akiwa amenuna.

Kisha akatupa kazi: kila mtu achore ukoo wake, kutoka kwake kwenda juu. Tulichora kwa bidii. Tukaweka baba, babu, baba wakubwa na wadogo, na wengine wakaongeza mnyama ambaye ukoo wao umekatazwa kumla. Sote, darasa zima, akatupa sifuri.

"Mama zenu mliwaokota wapi?" aliuliza. "Barabarani? Mmechora nusu ya damu yenu na kuiita ukoo. Rudieni."

Huku kwetu mtoto ni wa baba. Upande wa mama unaupenda, unakwenda kula huko, unalia kwenye misiba yao, lakini ukiulizwa wewe ni nani huutaji. Tulirudia ile kazi kwa kumtii tu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba siku ile alikuwa akizungumza habari za nyumba yake.

Alikuwa mwembamba, mwenye magoti makubwa, na alipanda baiskeli ya kiume bila kujali nani anatazama. Mfukoni hakukosa buni za kutafuna, zile zinazochemshwa na majani na kukaushwa, ambazo kwetu mgeni hupewa kabla hata hajaulizwa shida yake. Alizitafuna akisahihisha madaftari, kwa hiyo kazi zetu zilirudi zikinuka kahawa. Hakumchapa mtu hata mara moja. Adhabu yake ilikuwa kukusimamisha mbele na kukwambia: "Eleza tena, kana kwamba mimi ni mjinga mwenye haraka." Na ukianza kujiumauma, ukisema jambo fulani ni la ajabu, alikukatiza. "Usiniambie ni ajabu. Niambie ni nini."

Hakuolewa. Mwalimu wa Hesabu alimfuatilia kwa muda mrefu, na shule nzima ilikuwa upande wake kwa sababu alikuwa mpole. Tulimsikia siku moja nje ya ofisi akisema, "Nipe sababu moja tu."

"Unapenda watoto," Madamu alijibu.

"Hiyo ni sababu ya kunikubali."

"Ndiyo maana nakuhurumia."

Tulidhani anamtania. Yule mwalimu naye alidhani hivyo, akaendelea kuja, mpaka alipohamishiwa mkoa mwingine.

Sasa nikueleze lile lililokuwa gumu zaidi kwake. Darasani Madamu alikuwa na msimamo mmoja aliourudia kama sala: ugonjwa wa akili ni ugonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa. Si laana, si mizimu, wala si jirani aliyekuonea wivu. Aliyesema mwenzake ana wazimu kwa matusi alifukuzwa kipindi. Na wakati huohuo, kwao Kaisho, kaka yake mkubwa alikuwa ameketi kwenye kibanda nyuma ya nyumba, mguu wake mmoja umepitishwa kwenye tundu la gogo la mti.

Nililiona gogo hilo mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimesomea kazi ya maabara na kupangiwa hospitali moja huku huku Karagwe, naye akaja kunitafuta, akaniomba nimsaidie kumleta mgonjwa. Tulipofika kibandani, kaka yake alituamkia vizuri, akaniuliza habari za Mabira, akataja hata watu wa kwetu. Kisha akaanza kujibizana kwa upole na mtu ambaye sisi hatukumwona. Kifundo cha mguu kilikuwa na kidonda cha zamani kilichopakwa mafuta. Mtu alikuwa akikitunza.

Nilimtazama Madamu. Nadhani macho yangu yalisema neno.

"Gogo hilo niliagiza mimi," alisema. "Fundi alilichonga kwa vipimo vyangu. Usimlaumu mama, wala wifi yangu."

Akanieleza, papo hapo, bila kushusha sauti. Kaka yake alianza kuugua akiwa kijana, akiwa ndiyo kwanza amepata binti. Alikuwa akitembea. Alitembea tu, siku kutwa, akizungumza, na watu wa Kaisho walimzoea na kumpa ndizi za kuchoma njiani. Halafu mwaka 1978 vita vikaanza kule mpakani. Miezi ile mtu asiyejulikana aliyetembea peke yake barabarani akisema maneno yasiyoeleweka hakuwa mgonjwa tena. Alikuwa jasusi. Watu wa kijiji kimoja cha mbali walimkamata na kumpiga, wakamwacha wakidhani amekufa. Aliporudishwa kwenye machela, Madamu alikaa naye mpaka akaweza kusimama, na aliposimama akaanza tena kutafuta njia ya kutokea.

"Nikawa na mambo mawili ya kuchagua," alisema. "Atembee auawe, au akae aoze. Niambie wewe mtu wa maabara, kuna la tatu?"

La tatu lilikuwapo kwa muda. Hospitalini alianza kupewa sindano, moja kila mwezi. Sauti zikapungua. Mikono ilimtetemeka na uso ukawa mgumu kama wa mtu aliyekasirika, lakini alitoka kwenye gogo, akachuma kahawa na wenzake, akaenda kutafuta kuni na binti yake. Binti huyo anaitwa Kokugonza. Mshike akilini, kwa sababu habari hii ni yake kuliko ya mtu mwingine. Madamu alikuja Kaisho kila Jumamosi kwa baiskeli, akikaa tu ukingoni mwa kibanja, shamba la migomba na kahawa la nyumbani, akimtazama kaka yake anavyofanya kazi. Sijawahi kumwona mtu anayetazama uchumaji wa kahawa kwa furaha namna ile.

Kisha sindano zikawa zinakosekana, mwezi huu zipo, mwezi ule hazipo, na mwishowe hazikuja kabisa. Gogo likarudishwa. Msimu wa mvua uliofuata, kaka yake akaanza kuweweseka na kupiga kelele, naye Madamu alikuwa shuleni anasimamia mitihani. Nyumbani walisema ni yale yake ya siku zote, wakamwachia maji mlangoni. Kumbe lilikuwa joto la homa. Alikufa kwa malaria, mguu ukiwa ndani ya gogo, na dawa ya malaria ilikuwapo zahanati.

Madamu alilipasua gogo kwa shoka mwenyewe, siku ya mazishi, waombolezaji wakiwa wameketi. Baba yake mkubwa, mzee wa ukoo, alitaka kaburi lichimbwe pembeni, karibu na pori, ili mambo yale yaishie huko. Madamu alisimama kwenye shimo la mwanzo lililokuwa limeanzwa kati ya migomba, kando ya kaburi la baba yao, akasema mtu akitaka kulifukia amfukie naye. Marehemu akazikwa hapo.

Baada ya hapo ndipo mshenga wa kwanza alipokuja.

Kwetu, watu wakitaka kuoa, mshenga hutumwa kuuliza kabla posa haijapelekwa. Huuliza kama katika ukoo kuna ukoma, kifafa, wichaa au uchawi. Na katika nyumba nyingi anayejibu kwa niaba ya binti ni shangazi yake, dada ya baba, kwa sababu yeye ni wa damu ya ukoo lakini ni mwanamke, na neno lake ndilo linalofunga au kufungua. Kijana aliyemtaka Kokugonza alikuwa mkulima wa Kaisho, wakipendana, na nyumba ya kijana ilikuwa ya Walutheri wanaoheshimika. Habari za marehemu walizijua. Lakini walikuwa wamekwisha kujipatia maelezo: mtu yule alipigwa kichwani wakati wa vita. Na mtu aliyepigwa si mtu mwenye ugonjwa wa ukoo. Kilichobaki ni shangazi aseme hivyo mbele ya mashahidi, watu wanywe lubisi, pombe yetu ya ndizi, mambo yaendelee.

Mimi nilikuwapo, nimekaa na vijana wa upande wa bwana harusi. Mshenga alikuwa mzee mchangamfu. Aliuliza kwa namna ya kumsaidia. "Mwalimu, marehemu kaka yako, tunavyojua sisi, vita ndivyo vilivyomharibu. Au siyo?"

Angeweza kusema ndiyo. Angeweza hata kutosema lolote na kuinamisha kichwa. Na ukitazama swali lenyewe, angeweza kujibu kweli tupu: katika ukoo wa baba yao hakuna mwingine aliyewahi kuugua. Ukoo huo ulikuwa safi.

"Alianza kuugua kabla ya vita," Madamu alisema. "Na bibi yetu mzaa mama, kule Chonyonyo, aliugua vilevile. Na mdogo wake bibi pia."

Mshenga akajaribu tena, masikini, kumtupia kamba. "Lakini hao wa Chonyonyo si ukoo wenu, Mwalimu. Hao ni wa upande wa mama."

"Damu haijui hilo, mzee wangu."

Mshenga aliweka kibuyu chini polepole. Posa haikuletwa. Na jambo likaenda mbali kuliko alivyokusudia, kwa sababu watu walichukua maneno yake na kuyapeleka wanakojua wao: wakasema ukoo wa Mwalimu una wichaa, amekiri mwenyewe. Binti za baba zake wadogo, ambao hawakuwa na tone la damu ya yule bibi wa Chonyonyo, wakaanza kukosa wachumba. Na wajukuu halisi wa bibi yule, waliozaliwa na mabinti zake na kuhesabiwa kwenye koo za baba zao, wakaoa na kuolewa bila kuulizwa.

Baba mkubwa alimwita mbele ya ukoo. "Umesoma mpaka umesahau kunyamaza," alimwambia. "Kaka yako ulimfunga mguu. Mwanawe umemfunga tumbo."

Kokugonza alikuwa amekaa kwenye majani yaliyotandikwa, uso umeelekea ukutani. Tangu siku hiyo aliendelea kumpikia shangazi yake na kumfulia, lakini hakuzungumza naye ila kwa lile la lazima.

Mimi nilipata nafasi ya masomo, nikaenda nchi ya baridi, na mwishoni mwa miaka ya themanini nikajikuta katika maabara inayochora ramani ya jeni moja. Nikueleze taratibu. Jeni ni agizo lililoandikwa ndani ya chembe ya mwili, na agizo hili letu lilikuwa la kutengeneza kitu kama mlango kwenye chembe za ubongo, mlango unaopokea ujumbe kutoka chembe jirani. Zile sindano za wagonjwa wa akili, pamoja na zile alizochomwa kaka yake Madamu, hufanya kazi kwa kuziba mlango huo. Kwa hiyo wakubwa wetu walisema: tukijua agizo la mlango limeandikwaje, huenda tukaliona kosa linaloleta wichaa.

Agizo halikuandikwa kwa mfululizo. Lilikuwa vipandevipande, na kati ya kipande na kipande kulikuwa na sehemu ndefu ambazo chembe huzikata na kuzitupa kabla ya kulitumia. Kazi yetu ilikuwa kujua kila kipande kinaanzia wapi na kuishia wapi. Tulikata, tukatenganisha, tukapiga picha, tukasoma mistari myeusi kwenye filamu kama zile za kupiga picha ya kifua, tukakosea, tukarudia. Ilichukua muda mrefu sana. Ramani ilipokamilika ilikuwa nzuri, na tulipoanza kulinganisha wagonjwa na wazima tulikuta jambo la kuhuzunisha: milango yao ilikuwa imeandikwa karibu sawasawa. Kosa tulilolitafuta halikuwa hapo, au halikuwa hapo peke yake.

Nilirudi likizo mwanzoni mwa miaka ya tisini. Karagwe ilikuwa imejaa makaburi mapya ya ukimwi, na watu waliogopa hata kutaja neno kupima damu. Nilikwenda Kaisho kumwamkia Madamu. Alikuwa amestaafu, amekonda, anatembelea fimbo, na jicho moja lilikuwa na ukungu. Kokugonza alitoka jikoni akanisalimia, akaniwekea kigoda, akarudi ndani. Mlango wa jiko ulibaki wazi.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba. Nimesikia unachora ramani." Hakuniuliza safari wala afya. "Eleza."

Nikaeleza, kana kwamba yeye ni mjinga mwenye haraka. Alisikiliza akiwa amefumba lile jicho zima.

"Ni kama barabara ya kutoka hapa kwenda Mabira," alisema. "Vijiji vichache, na katikati mapori matupu."

"Ndivyo hasa, Madamu."

"Na ninyi mmejua kila kijiji kinaanzia wapi."

"Ndiyo."

Akasogeza kigoda karibu yangu. "Jumapili anakuja mshenga. Kuna mjane wa Mabira, amefiwa na mkewe, anamtaka Kokugonza. Ataniuliza lile lile. Sasa chukua damu yangu, chukua na yake, peleka huko kwenu, unijibu: huyu mtoto analo, au hana? Nimengoja jibu hilo tangu hujajua kusoma."

Nilitamani awe ameniomba kitu kingine chochote. Nikamwambia kwamba hata nikibeba damu, ramani haiwezi kunijibu. Kwamba tumejua vijiji vyote lakini hatukumkuta yule tunayemtafuta, na kwamba yamkini ugonjwa unatoka kwenye jeni nyingi pamoja, na mambo ya maisha juu yake. Kwamba mtoto wa mgonjwa yuko hatarini zaidi ya wengine, lakini wengi wao hawaugui kamwe. Na Kokugonza alikuwa karibu kufika thelathini, mzima.

"Kwa hiyo siku ile," alisema, "nilijibu swali ambalo mwenye kulijibu hajazaliwa."

"Ulisema kweli, Madamu."

"Nilisema nusu. Nilitaja wagonjwa. Sikutaja kwamba hata mimi, damu ileile, nimezeeka na akili zangu. Niliona aibu kujisifu. Na yule mwalimu wa Hesabu nikamkataa, kwa hofu tu ya kumzalia mgonjwa. Niambie basi Jumapili niseme nini."

Kabla sijafungua mdomo, Kokugonza alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina unga.

"Shangazi," alisema, "mara ile hukuniuliza mimi."

Madamu aligeuka kumtazama.

"Mlizungumza damu, mlizungumza ukoo, mlizungumza Chonyonyo. Nilikuwa nimekaa pale pale. Mshenga hakuniuliza, mzee wa ukoo hakuniuliza. Wewe uliyetufundisha kila mtu aeleze mwenyewe, nawe hukuniuliza."

"Ungesema nini?" Madamu alimuuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Hayo hayo uliyosema. Baba aliugua, na bibi wa Chonyonyo. Lakini ningeyasema mimi, na yule kijana angekuwa ananitazama usoni. Akiondoka, aondoke akiwa ameniacha mimi, si ameacha ukoo."

Madamu alitafuta fimbo yake, akaikuta, asiinuke. "Basi Jumapili utajibu wewe," alisema. "Mimi nitakaa kando yako. Nikianza kufundisha, nikanyage mguu."

"Nitakukanyaga," Kokugonza alisema, na nikaona wote wawili wanatazama chini, kama watu waliokutana njiani baada ya safari ndefu na hawajui nani aamkie kwanza.

Sikuwapo Jumapili hiyo. Likizo ilikuwa imekwisha. Niliambiwa baadaye kwamba mshenga alikuja, Kokugonza akajibu yote, mshenga akasikiliza kwa adabu, akaaga, wala hakurudi tena. Niliambiwa pia kwamba jioni ile wanawake wale wawili walisikika nyuma ya nyumba wakizungumza mpaka majirani wakashangaa wana habari gani nyingi hivyo. Madamu alifariki kabla sijarudi tena. Wichaa haukumpata. Kokugonza naye yuko Kaisho, mzima, peke yake.

Nawe uliyenisikiliza mpaka hapa, siku mshenga, au daktari, au jirani atakapokuja kwenu kuuliza habari za mtu wa nyumba yako, usianze kujibu. Nenda kamwite mwenyewe, mpe mahali pa kukaa kati yenu, umuulize kwanza yeye.